Mtungi wa Mlangoni

Kabla sijaruhusiwa kuingia katika chumba cha giza kwa mara ya kwanza, nilikatwa kucha. Aliyenikata hakuwa Mzee, mwenye kamera na mwenye sifa ya ufundi, bali mkewe. Alinikalisha kwenye kibaraza cha uani, akaivuta mikono yangu hadi mapajani mwake, akazipunguza kucha zote kumi kwa wembe mpya, polepole, mpaka zikawa sawa na nyama.

"Chuoni walikufundisha kushika filamu?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Tulifundishwa kwa kompyuta, Bibi."

"Kompyuta haina kucha." Akaupuliza wembe. "Nyinyi watu wa Moshi mna haraka, mmezoea kupanda mlima. Sisi wa Lindi twatambaa. Lete kidole gumba."

Nilimwita Bibi tangu siku ile, na mumewe nilimwita Mzee, kama alivyoitwa na mtaa mzima. Waliishi katika nyumba ya Kiswahili nyuma ya maduka ya vitambaa ya Kariakoo, mojawapo ya nyumba chache za chini zilizosalia katikati ya maghorofa: ukumbi mrefu, vyumba sita, na ua wenye bafu, jiko na stoo. Stoo hiyo ndiyo iliyokuwa chumba cha giza. Mzee aliziba nyufa zake zote kwa lami na magunia zamani sana, wakati ambapo familia za mtaa zilikuja kwake kila Idi na kila Krismasi, zikapanga viti na watoto, zikatulia mbele ya kamera yake ya mbao yenye miguu mitatu. Wateja walikwisha kabla sijazaliwa. Kamera ilibaki, imefunikwa shuka kama mgonjwa.

Nilimtafuta kwa sababu ya imani fulani niliyotoka nayo chuoni. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu anayebeba mizigo ya wenzake maisha yake yote anastahili kutazamwa kwa utulivu angalau mara moja. Nilikuwa nimewaona wachukuzi wa Kariakoo wakipigwa picha za simu na wapita njia, marobota yakiwa vichwani, midomo wazi, kama sehemu ya msongamano tu. Nilitaka wasimame, waweke mzigo chini, watazamwe kwa kamera inayomlazimu mpiga picha naye asimame. Nilipomweleza Mzee hayo alicheka kidogo. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Mimi sioni tena," alisema. "Lakini kazi yenyewe inafanyika gizani. Huko wote tuko sawa."

Nilijifunza kusafisha filamu kwa kumsikiliza. Filamu ya kamera ile si utepe. Ni kipande kimoja kimoja, kila kimoja kipana kama kiganja cha mtu mzima. Chumba kikishafungwa, giza lake ni la kaburi. Mkono ulioinua mbele ya uso wako hauuoni. Mezani kuna trei tatu. Ya kwanza ina dawa inayoiamsha picha, ya pili maji, ya tatu dawa inayoikaza ili mwanga usiweze kuidhuru tena. Unavitia vipande kimoja baada ya kingine, kisha unachomoa cha chini kabisa na kukilaza juu, tena cha chini, tena juu, bila kukoma, kwa ncha za vidole. Ukikwaruza, umemkwaruza mtu. Pembeni mwa kila kipande mna pengo dogo la kiwandani ambalo kidole hulitafuta ili kujua upande upi una utando wa picha. Mzee alisimama nyuma yangu asiguse kitu.

"Mgeuze kama mtoto mchanga," alikuwa akisema. "Usimwinue kwa sikio."

Muda tuliupata kutoka nje. Ndani ya chumba hapakuruhusiwa saa wala simu, kwa kuwa hata nukta ya mwanga ingeweza kuiharibu filamu. Kwa hiyo Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, saa ya mezani miguuni pake, ungo wa mchele ukiwa mapajani, na kila dakika ilipotimia aligonga mlango kwa mwiko.

"Moja!" Kisha tukasikia mchele ukipepetwa. "Mbili! Mzee, huyo binti yako hajazimia humo?"

"Yu hai."

"Mwambie akizimia azimie kwa nyuma, asiniangukie trei. Tatu!"

Siku moja nilipendekeza, kwa heshima, kwamba simu yangu ingeweza kukaa ndani ya mfuko mweusi na kulia kila dakika, ili yeye apumzike.

"Simu itakugongea," alisema. "Itakujulia hali?"

Nilikuwa na daftari. Humo niliandika kila neno la Mzee: kiasi cha dawa, idadi ya mageuzo, namna ya kukausha vipande kwa kuvining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Nilijiona mlinzi wa elimu inayopotea. Kurasa arobaini na zaidi zilijaa. Juu ya Bibi, katika daftari lote, palikuwa na sentensi moja: "Mke wake hugonga mlango."

Karibu na mlango ule palikuwa na mtungi. Ulikaa kivulini juu ya kata ya matambara, umevikwa gunia bichi, na kila nilipofika asubuhi ulikuwa umejaa. Niliudhania kuwa wa maji ya kunywa. Niliona kwamba ndoo iliyoingizwa chumbani kabla ya kazi ilijazwa kutoka kwenye mtungi huo, na kwamba baada ya Mzee kufungua mlango na kutoa trei ya mwisho, Bibi alizipokea filamu na kuziosha mwenyewe uani, akiteka kwa kata ya kifuu na kumimina kidogo kidogo, kwa nusu saa nzima, kama anayemnawisha mgeni. Bomba lilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Nilidhani anabana maji. Nikamwambia, kwa ile sauti ya msomi anayetaka kusaidia, kwamba filamu huoshwa vyema zaidi kwa maji yanayotiririka.

"Bomba lina haraka kama wewe," alinijibu, akaendelea kumimina.

Sikumwuliza ana maana gani. Nimerudi katika dakika hiyo mara nyingi. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, daftari mkononi, kalamu wazi, na mwanamke aliyeosha filamu kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa ameniambia jambo la kazi. Nikalichukulia kuwa utani.

Aliugua mwishoni mwa mwaka. Lilikuwa tumbo, hospitali walimweka wiki mbili, kisha wakamruhusu kurudi nyumbani kwa maneno ya upole ambayo watu wazima wote walielewa maana yake. Kigoda kilibaki mlangoni. Mwezi wa pili, joto likiwa limeukaa mji hata kuta za nyumba zikawa za moto usiku kucha, binti yake aliyeko Lindi akatuma taarifa kwamba amepata nafasi na angekuja kumchukua mama yake. Wangeondoka kwa basi la Jumamosi alfajiri.

Jumatano nilikaa kando ya kitanda chake nikimpepea kwa kipepeo cha ukili. Mzee alikuwa ameketi mlangoni.

"Unajua," Bibi akasema, "katika nyumba hii wamepigwa picha hadi mbuzi wa watu. Mimi sijapigwa."

"Hukupata kuomba," Mzee alisema.

"Ningeomba nani angegonga mlango?"

Nilisema kwamba wajukuu bila shaka wana picha zake kwenye simu.

"Zipo. Nimekatwa kichwa, nimeshika sufuria. Zile zinapita." Alivuta pumzi. "Nataka ile inayokaa. Niione mwenyewe kabla sijaondoka, nijue nimeacha nini kwa huyu mzee. Yeye haoni, lakini ataishika."

Ndivyo ombi lilivyokuwa, na halikuwa na utata wowote. Alitaka picha moja, naye aione kabla ya Jumamosi.

Filamu zilizobaki zilikuwa sita. Mzee alilihifadhi boksi la mwisho kwa miaka mingi katika friji ya muuza soda jirani, chini kabisa, kati ya barafu na nyama ya mwenye duka. Dawa nayo ilibaki ya kuchanganya mara moja tu. Nilikuwa nimeshaahidi filamu zile kwa wachukuzi. Nilikuwa nimezungumza nao mmoja mmoja, nikawapangia siku ya Ijumaa asubuhi kabla pilika hazijazidi.

Alhamisi alasiri tulimtoa Bibi kwenye kibaraza. Alivaa kanga mpya, akakataa kushika ile saa ya mezani niliyokuwa nimeileta kwa kuwa nilitaka kazi yake ionekane.

"Saa ni ya kazi," alisema. "Leo sifanyi kazi."

Mzee alipapasa hadi akamfikia, akaweka vidole viwili chini ya kidevu chake.

"Inua kidevu, mama."

"Leo ndiyo unakiona kidevu changu?"

"Sikioni. Nakishika."

Alicheka, na kicheko kikamuumiza, tukasubiri maumivu yapite. Nilikuwa nimejifunika shuka jeusi nyuma ya kamera, nikimtazama kwenye kioo chake, kichwa chini miguu juu kama kamera ile inavyomwonyesha mtu. Nikavuta pumzi, nikafyatua.

"Piga mbili," Mzee akasema.

Nilitoka ndani ya shuka. "Moja imetosha, Mzee. Imetulia kabisa."

"Piga mbili, mwanangu. Sisi tulipiga mbili siku zote. Moja ya mtu, moja ya ajali."

Hapo nilitoa maelezo ambayo nikiyakumbuka sasa nahisi joto usoni. Nilisema kwamba katika kazi yangu nimejiwekea msimamo: kila mtu kipande kimoja. Kwamba uso si shabaha ya kurushiwa mara nyingi hadi upatikane. Kwamba mtu akitazamwa mara moja kwa heshima kamili, inatosha. Yote haya niliyaamini. Lakini chini ya imani hiyo palikuwa na hesabu nyepesi ambayo sikuitamka: sita toa moja ni tano, na wachukuzi walikuwa watano.

"Muache, Mzee," Bibi alisema. "Msomi ameshasema uso wangu mmoja unatosha."

Ningeweza kuisafisha ile filamu Ijumaa mapema, peke yake. Lakini dawa ikishachanganywa haikai, na kuitumia kwa kipande kimoja kungewaacha watano wangu bila dawa. Niliamua kusubiri nivisafishe vyote sita pamoja. Ijumaa asubuhi nilisimama na kamera kwenye kona ya mitaa ya maduka ya jumla, mikokoteni ikinipita huku na huku, "Njia! Njia! Dada, utakanyagwa wewe na mbao zako!" na wachukuzi watano walikuja mmoja baada ya mwingine, wakaweka mizigo chini, wakasimama. Mmoja wao aliomba dakika moja akanawe uso. Ilikuwa kazi nzuri. Sijapata kufanya kazi nzuri kuliko ile, na ilinichukua hadi karibu saa sita mchana.

Nilipofika nyumbani Mzee alikuwa ameshavaa kanzu, anashikwa mkono na jirani kwenda kuswali Ijumaa. Binti wa Lindi alikuwa amefika usiku uliotangulia na alikuwa ametoka kwenda kukata tiketi. Nilipita chumbani kwa Bibi na mifuko miwili ya barafu niliyonunua njiani kwa ajili ya kupoza dawa.

"Shikamoo, Bibi. Naingia kusafisha sasa."

"Marahaba." Alikuwa amelala ubavu, macho yamefumbwa. "Mtungi umejazwa?"

"Maji yapo, Bibi. Bomba linatoa vizuri."

"Haya," akasema.

Ndani ya chumba cha giza kila kitu kilikwenda nilivyofundishwa. Nilikuwa nimepoza dawa kwa barafu na kuipima kwa kipimajoto hadi ikafikia kiwango kilichoandikwa kwenye vitabu vya chuoni. Simu ilikuwa ndani ya soksi nyeusi, ndani ya mfuko, ikilia kila dakika. Vidole vyangu viligeuza vipande sita, cha chini juu, cha chini juu, na sikukwaruza hata kimoja. Nilikijua cha Bibi muda wote, kwa kuwa nilikikata ncha ndogo ya pembe kwa mkasi nipate kukitambua. Dawa ya kukaza ilipomaliza kazi yake niliwasha taa.

Nilikiinua kipande chake mbele ya balbu. Nitaeleza baadaye nilichokiona. Kwa sasa inatosha kusema kwamba alikuwamo, mzima, mkali, hakuna sehemu iliyotetereka.

Vikabaki kuoshwa. Nilizitoa filamu uani katika trei, nikaiweka trei chini ya bomba. Kipande cha Bibi nilikilaza juu ya vingine, chini kabisa ya mdomo wa bomba, ili awe wa kwanza kupata maji safi; nilifanya hivyo kwa heshima. Nikafungua bomba, nikaenda kumpasha habari.

"Umetoka vizuri sana, Bibi," nilimwambia. Nilipiga magoti kando ya kitanda. "Vizuri sana. Nikishakuosha nakukausha, jioni nakuchapa kwenye karatasi."

Alifumbua macho, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nilikaa nikimpepea. Kwa muda wa nusu saa tulisikiliza maji yakichuruzika uani, na nilikuwa na furaha ambayo nadhani sitaipata tena kwa namna ile, furaha ya mtu aliyefikisha ahadi.

Tangi letu la maji lilikuwa jeusi, la plastiki, juu ya paa la bati. Tangu saa moja asubuhi jua la Februari lilikuwa limelipiga tangi na bomba linaloshuka kutoka humo. Nilipima dawa kwa kipimajoto hadi nusu ya nyuzi. Maji ya kuoshea sikuyatia hata kidole.

Niliporudi, mvuke mwembamba ulikuwa juu ya trei. Picha ya Bibi ilikuwa imeachana na plastiki yake. Sijui namna nyingine ya kueleza. Ule utando mwembamba uliobeba uso wake ulikuwa umelainika na kujivua, unaelea juu ya maji ukiwa umejikunja, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Nilifunga bomba. Nikautilia mikono yote miwili chini nikauinua kwa ncha za vidole, bila kucha, kama nilivyofundishwa, na ukapasuka ukapita katikati ya vidole ukawa uji wa kijivu. Nikajaribu tena. Kilichobaki mkononi kilikuwa kipande cheupe cha plastiki kilicho safi kabisa, chenye ncha iliyokatwa.

Wale watano waliokuwa chini yake walinyauka kingo tu. Nyuso zao zilisalimika. Yeye aliyekuwa juu ndiye aliyepokea moto wote.

Mzee alirudi kutoka msikitini akanikuta nimekaa chini kwenye sakafu ya ua. Jirani alimwachia mkono. Mzee alipapasa chini ya bomba, akaipata trei, akatumbukiza vidole, akavitoa upesi.

"Maji ya wapi haya?"

"Ya bomba."

Alisimama hivyo, maji yakimtiririka hadi kiwikoni mwa kanzu. Kisha akaenda mlangoni pa chumba cha giza, akainama, akautia mkono ndani ya mtungi. Ulikuwa mkavu. Gunia lake lilikuwa limekauka na kukakamaa. Hakuna aliyeujaza tangu mwenyewe alipolala.

"Ulikuwa unajua?" nilimwuliza. "Kwamba lazima yawe ya mtungi?"

"Mimi nilikuwa nikifungua mlango nampa trei," alisema. "Za kuosha zilikuwa zake. Sikuwahi kuuliza." Akaketi kwenye kigoda cha mkewe. "Miaka yote watu wananiambia, Mzee, mikono yako ina baraka, picha zako hazichuji. Nami naitikia."

Baadaye binti yao alinieleza kile ambacho ningekipata kwa swali moja tu. Mama yake aliamka kila siku kabla ya adhana ya alfajiri kuteka maji yakiwa yamelala na kupoa, akaujaza mtungi, akalilowesha gunia. Mwaka wa kwanza wa ndoa aliharibu picha za harusi ya watu kwa maji ya mchana. Alilia, akatafuta sababu peke yake, akaipata, hakuizungumza tena.

Mchana ule Mzee alitaka tumwambie Bibi kwamba picha bado haijakauka, kwamba ataletewa Lindi. Alilisema hilo kwa kunong'ona, kama anayeniomba. Nilikataa. Nilijua naweza kuwa nakosea tena kwa jina la msimamo, lakini sikuweza kumpakia ndani ya basi na uongo wangu. Tuliingia chumbani pamoja, yeye ameshika bega langu.

"Bibi, nimekuharibu," nilisema. "Maji ya bomba yalikuwa ya moto. Picha imetoka kwenye filamu. Imekwisha yote. Na ya pili sikupiga."

Alinitazama kwa muda. Sikuona hasira, na ningeomba iwepo.

"Mtungi," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Akageuza uso kuelekea ukutani. Nje, katika njia ya nyuma, mchukuzi alikuwa akipiga kelele apishwe. Nilitoa simu mfukoni, nikamwomba niruhusiwe angalau kumpiga kwa hiyo, sasa hivi, kwa kuwa kesho alfajiri ataondoka.

"Usinipige nimelala," alisema akiwa bado ameelekea ukutani. Kisha akauliza: "Uliniambia nimetoka vizuri. Ulisema kweli?"

"Kweli, Bibi. Nilikuona kwa macho yangu."

"Basi nieleze."

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba katika filamu kila kitu huwa kinyume, cheusi cheupe na cheupe cheusi, na kwamba uso wake ulikuwa mweupe kama mwezi, makunyanzi ya pembeni mwa macho yakiwa nyuzi nyembamba zilizong'aa. Kwamba alikuwa ametazama moja kwa moja, kidevu kimeinuka pale pale Mzee alipokiweka. Kwamba maua ya kanga yalihesabika. Kwamba mkono mmoja ulikuwa umelala gotini na mwingine umeshika pindo la kanga, na kwamba mvi zake zote, zilizochungulia chini ya mtandio, zilikuwa zimetoka nyeusi tititi.

Aligeuka. "Nyeusi?"

"Kama za msichana."

"Mzee," alisema, na sauti yake kwa sekunde moja ilikuwa ile ya mlangoni, yenye mwiko. "Umesikia? Nimekuwa na nywele nyeusi nyumbani mwako leo mchana, na wewe ulikuwa msikitini."

Mzee aliketi kitandani akaushika mguu wa mkewe juu ya shuka.

Waliondoka alfajiri. Bibi alifariki Lindi kabla ya mwezi kwisha, na Mzee alikwenda kuzika, akakaa huko hadi arobaini ilipopita, kisha akarudi kwenye nyumba yake. Picha za wachukuzi nilizichapa kwa sababu niliwaahidi. Watu walizitazama ukutani wakasifu zile kingo zilizonyauka, wakadhani ni ufundi. Nilieleza mara mbili kwamba si ufundi, kisha nikachoka kueleza. Daftari langu nimeliandika upya, na ukurasa wa kwanza unahusu maji.

Ijumaa nikipata nafasi naenda kumwona Mzee. Nafika mapema, najaza mtungi, ingawa hapana tena filamu wala dawa; anapenda kusikia maji yakiingia. Kipande kile cheupe chenye ncha iliyokatwa anacho. Hukishika kwa kingo zake kama filamu inavyopaswa kushikwa, kidole gumba kikitafuta pengo la pembeni.

"Nieleze," huniambia.

Nami humweleza: uso, kidevu, maua ya kanga, nywele. Mwanzoni niliona kwamba hii ndiyo adhabu yangu ya haki na nikaipokea. Sasa ninaiogopa. Mimi ndiye pekee niliyeiona picha ile, kwa muda usiofika dakika mbili, chini ya balbu ya stoo, na kila ninapoieleza nahisi nikiigusa kwa vidole vyenye joto.

Ijumaa iliyopita nilimwambia kwamba Bibi alishika pindo la kanga kwa mkono wa kushoto. Kidole cha Mzee kikatulia juu ya plastiki.

"Safari ile ulisema kulia," alisema.

Nilijaribu kukumbuka. Filamu ikitazamwa kwa nyuma, kushoto huwa kulia, na sikukumbuka niliuelekeza upande upi kwenye taa. Nilimwambia hivyo.

Mzee alitikisa kichwa polepole, akakigeuza kile kipande mkononi, kisha akakigeuza tena.

"Basi anza upya," alisema. "Anza na kidevu. Kidevu nakijua."